Sukari 6 kila asubuhi, moyo umepigwaje? Wana Tanga tusaidiane

#1 Chumbageni_Kwetu
Wakuu salaam. Naomba wenye uelewa mnisaidie, maana hapa nyumbani kila mtu ana lake.

Baba yangu mdogo ana miaka 61, kisukari anacho tangu 2014. Si mtu wa mchezo: soda kaacha, chai ya rangi bila sukari, metfomini hakosi, na mashine ya kupimia anayo. Kila alfajiri kabla ya chai anajitoboa kidole, anaandika kwenye daftari. Nimelipitia lile daftari: 5.9, 6.2, 6.0, 5.7, 6.4, ukurasa baada ya ukurasa.

Wiki iliyopita karudi kutoka msikitini adhuhuri, kanzu imemgandia mgongoni kwa jasho. Analalamika kuchoka na pumzi fupi, basi. Kifua hakushika, wala hakusema panauma. Mama mdogo akajua sukari imeshuka, akamkorogea maji na vijiko kadhaa vya sukari. Kanywa, jasho lile lile. Ndipo mdogo wangu akakumbuka mashine: 15.3. Zahanati moja ya mtaani wakatundika dripu, wakasema homa. Jioni tukampeleka hospitali, kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha ameshapata shambulio. Yupo hai, alhamdulillahi, anaandaliwa kwenda Dar.

Sasa nambieni: mtu mwenye sukari ya 6 anapataje shambulio la moyo, tena bila kuumwa kifua? Baba anasema ni tui la nazi. Shangazi anasema ni dawa. Jirani anasema katupiwa kitu.

#2 Mkwakwani_Damu
Pole sana mkuu, Mungu amsimamie mzee. Mie hilo la jasho ndilo limenishtua, maana adhuhuri ya Tanga msimu huu hata aliyelala chini ya feni analowa. Nitajuaje langu ni la jua au la moyo? Nakaa hapa, wajuzi wapite.

#3 Muuguzi_Mstaafu
Pole mwanangu. Wodini nimekaa mpaka nimestaafu, na wagonjwa wa namna ya baba yako mdogo nimewapokea wengi. Kisukari kikikaa mwilini miaka kinaharibu mishipa ya fahamu. Watu wanaijua ya miguuni kwa sababu ya ganzi na kuwaka moto, lakini ipo na inayohudumia moyo na utumbo, nayo inakufa kimya kimya. Kwa hiyo moyo unakosa damu na mwenyewe haisikii ile kubanwa kifua inayosimuliwa. Anachosikia ni kuchoka kusiko na sababu, pumzi kukatika, jasho la baridi, kichefuchefu, pengine taya au mkono. Wengine hawasikii kitu kabisa, inakuja kuonekana wanapopimwa kwa jambo jingine.

Kuhusu maji ya sukari simlaumu mama yako mdogo, sisi wenyewe ndio tuliowafundisha kwamba jasho na kutetemeka ni sukari kushuka. Ila mashine ikiwemo ndani, kidole kwanza. Chini ya 4, mpe sukari. Ikiwa juu na mtu bado analowa, tafuteni gari. Kama hakuna mashine, mpe tu, kwa sababu sukari ikishuka sana inaua upesi. Na hiyo 15.3 si ajabu: mwili ukiwa kwenye dhiki unamwaga homoni zinazopandisha sukari, na nyie mlikuwa mshaongeza vijiko.

#4 Mpinga_Vidonge
Mie nitasema mnichukie. Mtu kala metfomini miaka yote hiyo, namba nzuri, moyo umeharibika. Dawa inashusha namba, inaua kiungo. Babu yangu kule Mkinga alikunywa mlonge na mbegu za mzambarau, kafa na miaka 90.

#5 Mkwakwani_Damu
Kafa na nini?

#6 Mpinga_Vidonge
Uzee.

#7 Mkwakwani_Damu
Sukari yake ilikuwa ngapi?

#8 Mpinga_Vidonge
Hakuwahi kupima, hakuwa na haja.

#9 Mkwakwani_Damu
Haya bwana.

#10 Daktari_wa_Zamu
Mpinga_Vidonge, katika dawa zote za sukari umechagua kuisingizia ambayo ina ushahidi wa siku nyingi upande wa moyo. Uingereza walifanya utafiti mkubwa ulioanza 1977, majibu makuu yakatoka 1998, wagonjwa zaidi ya 5,000 waliokuwa ndio kwanza wamegundulika. Wale wanene waliopewa metfomini, mashambulio ya moyo yalipungua kwa 39% kuwalinganisha na walioachiwa mpangilio wa chakula peke yake. Halafu metfomini yenyewe chimbuko lake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Kwa hiyo hata wewe wa miti shamba ungeipenda.

Kwa mtoa mada: ile sukari ya alfajiri ni dirisha moja la siku nzima. Mzee anapima akiwa hajala tangu usiku, hapo dawa ya jioni imeshamsaidia. Baada ya wali wa mchana alikuwa anapima? Kile kipimo cha damu cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) amewahi kufanya?

#11 Chumbageni_Kwetu
Ahsante dokta, ahsante mama. Baada ya kula hapimi, anasema vijiti ni ghali, cha nini kuviharibu. Kipimo cha miezi mitatu sijakiona kwenye makaratasi yake. Presha amewahi kuambiwa "iko juu kidogo", akapewa vidonge, vilipokwisha hakurudia.

#12 Muuguzi_Mstaafu
Hapo! Hapo hapo mwanangu. Nilikuwa nasubiri neno presha.

#13 Nazi_Mbili
Kabla hamjahama, naomba nazi iondolewe kwenye hati ya mashtaka. Tangu enzi za mababu Tanga tunakula wali wa nazi, samaki wa kupaka, mihogo ya nazi, maharage ya nazi, mpaka kisamvu. Maradhi ya moyo yameanza lini? Yameanza na mafuta ya kupikia ya madumu. Kuna visiwa vya Pasifiki, Tokelau na Pukapuka, watafiti waliandika 1981 kwamba nazi ndiyo chakula chao kikuu na maradhi ya mishipa yalikuwa haba. Baba wa mtoa mada amwombe nazi radhi.

#14 Mdigo_Halisi
Hao wa Tokelau walikuwa wanapiga makasia na kuvua kutwa, wanakula samaki na nazi, sukari ya dukani karibu hawaijui. Weye unatoka Makorora mpaka Mgandini kwa bajaji, ukirudi unakula wali sahani kipara, tui la kwanza na la pili, unashushia na juisi ya ukwaju yenye sukari robo kilo. Halafu unajilinganisha na mpiga makasia.

#15 Nazi_Mbili
Robo kilo umeizidisha. Hilo la bajaji sina jibu.

#16 Lushoto_Baridi
Nashuka kutoka milimani kumwunga mkono Mdigo na takwimu. Watu wa Tokelau waliohamia New Zealand wakafuatiliwa, wakakutwa na kisukari kingi kuliko ndugu zao waliobaki kisiwani. Na hapa kwetu: utafiti uliochapishwa 1989, uliofanywa vijijini Tanzania, ulikuta wenye kisukari hawafiki hata 1% ya watu wazima. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012, watu wa miaka 25 hadi 64, ukatoa karibu 9%, na wenye presha karibu 26%. Ni vipimo tofauti na sehemu tofauti, sitaki mtu anirushie mawe, lakini hata ukipunguza kwa haki zote kimepanda.

Kwa maoni yangu nazi siyo iliyobadilika, kilichobadilika ni kila kitu kilichoizunguka. Ila Nazi_Mbili nawe usijitoe hivi hivi: mafuta ya nazi yanapandisha ile lehemu (kolesteroli) mbaya kuliko mafuta ya alizeti, hilo limepimwa mara nyingi.

#17 Bibi_Kibibi
Jamani na wanawake tumo? Maana naona ni mzee, babu, baba mdogo. Mie nina kisukari na nilikuwa najifariji kwamba moyo ni maradhi ya wanaume.

#18 Daktari_wa_Zamu
Bibi_Kibibi, faraja hiyo nakunyang'anya kwa heshima zote. Kwa kawaida mwanamke anachelewa kupata maradhi ya moyo kuliko mwanamume, lakini kisukari kinafuta sehemu kubwa ya hiyo nafuu. Utafiti wa mji wa Framingham kule Marekani, ulioanza 1948, ulilionyesha hilo zamani, na mwaka 2014 wakakusanya tafiti nyingi pamoja: kisukari kinamwongezea mwanamke hatari ya moyo kwa kiwango kinachozidi cha mwanamume kwa kama 44%. Na wanawake ndio wanaoambiwa "ni gesi tu" wakija na dalili zisizoeleweka.

#19 Bibi_Kibibi
Gesi! Nimeambiwa gesi mpaka nikanunua tangawizi ya gunia. Nitakuja kuuliza tena, ngoja nimalize kusoma.

#20 Fundi_Baiskeli_Duga
Mie si msomi wa hospitali, nauliza kwa lugha yangu. Sukari inauharibuje mshipa? Nilikuwa nadhani inaziba tu. Au ni ule mpira wa tyubu uliokaa juani, ukiukunja unapasuka wenyewe?

#21 Daktari_wa_Zamu
Fundi umeigusa. Kuziba ni mwisho wa safari. Ndani ya mshipa kuna utando mwembamba sana unaofanya mshipa utanuke na damu ipite bila kugandia. Sukari ikikaa juu, utando ule unapungukiwa na gesi yake ya kuutanua mshipa, na sukari inanata kwenye protini za ukuta, ukuta unakakamaa. Hapo ndipo tyubu yako inapokuja. Ukuta ukishachubuka, lehemu inapenya chini yake na kutengeneza uvimbe wenye mafuta. Siku uvimbe ule unapasuka, damu inadhani ni jeraha, inaganda juu yake kwa dakika chache. Chembe za kugandisha damu za mwenye kisukari nazo ni nyepesi kushikana. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na mshipa ulioziba nusu tu, anatembea, anaswali, halafu mchana mmoja ukajifunga wote.

Presha inauchubua ukuta huo huo. Sigara hivyo hivyo.

#22 Mzee_wa_Kashata
Shikamooni mliostahiki. Hapa barazani, Barabara ya 12, tumeusoma uzi huu kwa sauti na wazee wenzangu. Swali la baraza: kama sukari ndiyo inayochubua, na mtu kaishusha, mbona amepigwa? Daktari hajalijibu, amezunguka tu.

#23 Muuguzi_Mstaafu
Marahaba kwa niliowazidi. Mzee wangu, jibu langu mie ni kwamba kisukari hakianzi siku ya kugundulika. Mtu anatembea nacho miaka bila kujua. Ule utafiti wa Uingereza aliousema daktari, karibu nusu ya wagonjwa walikutwa tayari wana madhara fulani siku ile ile walipogundulika. Huyu kagundulika 2014, mishipa yake huenda ilianza kuchubuka 2005. Alipoanza kujitunza nyumba ilishapata nyufa.

#24 Lushoto_Baridi
Naomba kumpinga mama kwa adabu. Kama ingekuwa kuchelewa tu, basi kushusha sukari kwa nguvu zote kungewasaidia angalau waliobaki. Marekani na Kanada walijaribu: watu 10,251, nusu yao wakashushwa mpaka karibu na mtu asiye na kisukari. Mwaka 2008 wakausimamisha upande huo kabla ya wakati, kwa sababu waliokufa walikuwa 257 upande wa kushusha sana, 203 upande wa kawaida. Ndiyo maana nasema kwenye moyo sukari si mshitakiwa mkuu. Mshitakiwa ni presha na lehemu.

#25 Mpinga_Vidonge
Si nilisema? Dawa zinaua. Ahsante Lushoto.

#26 Daktari_wa_Zamu
Taratibu. Lushoto namba zako ni sahihi ila umekata kipande. Wale walikuwa watu wenye kisukari cha muda mrefu, wengine moyo tayari mbovu, wakarundikiwa dawa nyingi kwa pupa, na sukari kushuka kupita kiasi kukawa kwingi. Sababu hasa ya vifo vile bado wanabishana. Na ule wa Uingereza una sehemu ya pili: 2008 hiyo hiyo walirudi kuwaangalia wagonjwa wao miaka kumi baada ya utafiti kwisha. Waliobanwa sukari mapema, hata baada ya kulegea, mashambulio ya moyo yalikuwa pungufu kwa 15%, na wale wa metfomini kwa 33%. Maana yake mapema inalipa, na inalipa polepole. Mpinga_Vidonge usishangilie, hujaelewa hata mstari.

#27 Mkwakwani_Damu
Kwa hiyo ukishusha ni sawa, usiposhusha si sawa, ukishusha sana si sawa. Hii ni Coastal Union kabisa, tukishambulia tunafungwa, tukikaa nyuma tunafungwa.

#28 Daktari_wa_Zamu
Ila ukishusha presha, wote tunakubaliana. Utafiti ule ule wa Uingereza: waliobanwa presha, kiharusi kilipungua kwa 44%. Kwa mtoa mada, vile vidonge vya presha vilivyokwisha visirudiwe ndivyo ningevikamata mie.

#29 Chumbageni_Kwetu
Dokta, lehemu hajawahi kupimwa kabisa. Na kuna jambo jingine sikuliandika: alikuwa akienda sokoni lazima asimame njiani, anasema ndama za miguu zinabana, akipumzika kidogo zinaachia, anaendelea. Tulijua ni uzee.

#30 Muuguzi_Mstaafu
Subhanallah. Huo ni mshipa wa mguu unaomba damu. Mguu ukiziba, ujue moyoni na kichwani nako si salama. Kuna kipimo rahisi cha kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono, ikiwa chini ya 0.9 mshipa umebana. Wenye kisukari pengine kinadanganya kwa kusoma juu, kwa sababu ukuta wa mshipa umejaa chokaa na haubonyezeki.

#31 Baharia_Sahare
Mie mguu wangu ulinipa somo. Nilivuta ngalawa pwani mchana bila viatu, mchanga unawaka, nami sisikii kitu, najiona mwanamume. Usiku natazama unyayo, lengelenge limejaa kisigino kizima, limepasuka na mchanga ndani. Kidonda kilikaa miezi. Daktari akaniambia kwamba ganzi imenizuia kusikia, na damu haba inazuia kupona, mambo mawili tofauti kwenye mguu mmoja. Sigara nikaiacha pale pale kitandani. Makubadhi sasa navaa hata majini, wenzangu wananiita Bwana Harusi.

#32 Mdigo_Halisi
Bwana Harusi wa Deep Sea, hongera. Wengine tungeshaambiwa kukatwa.

#33 Msiri_wa_Raskazone
Nauliza kwa niaba ya rafiki. Ana kisukari, miaka 48, na mambo ya chumbani yamelegea tangu mwaka juzi. Kuna uhusiano na uzi huu au nianzishe wangu?

#34 Mkwakwani_Damu
Mwambie rafiki anakaribishwa, marafiki wa namna hiyo tumo wengi humu.

#35 Daktari_wa_Zamu
Ni uzi huu huu. Mishipa ya damu ya huko ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo inaonyesha dalili kwanza, mara nyingi miaka kadhaa kabla ya moyo kulalamika. Mwanamume mwenye kisukari akianza kulegea, asiishie kutafuta nguvu, apime presha, lehemu na moyo. Tena tafadhali, hizi vumbi la Kongo na vidonge vya kichochoroni: vingi huchanganywa na dawa ile ile ya hospitali ya nguvu za kiume, bila kuandikwa. Mtu akiwa anatumia dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi, akichanganya na hiyo, presha inaporomoka na anaweza kufia pale pale.

#36 Msiri_wa_Raskazone
Rafiki anashukuru. Kaitupa.

#37 Mzee_wa_Kashata
Barazani kimya kimetanda ghafla. Tunaendelea na kahawa.

#38 Muheza_Machungwa
Nami nichangie. Mama yangu alianzishiwa aspirini ndogo na jirani ambaye si daktari, kwa hoja kwamba "inayeyusha damu, kila mwenye sukari anywe". Akatapika damu. Je, ni kweli kila mwenye kisukari anywe?

#39 Daktari_wa_Zamu
Hapana. Ambaye ameshapata shambulio au kiharusi cha kuziba, kama mzee wa mwanzisha uzi, atapewa na asiache. Ambaye hajawahi, mizani ni nyembamba. Uingereza 2018 walitoa matokeo ya watu 15,480 wenye kisukari ambao hawakuwa na maradhi ya moyo yaliyojulikana: aspirini ilipunguza matukio ya mishipa kwa 12%, ikaongeza kuvuja damu kukubwa kwa 29%. Kwa hiyo ni ya kuamuliwa na daktari anayeujua mwili wako na tumbo lako, siyo jirani.

Anayeonewa ni statini, dawa ya kushusha lehemu. Utafiti wa Uingereza na Ayalandi uliotoka 2004, wagonjwa wa kisukari wasio na maradhi ya moyo wakapewa atovastatini miligramu 10 tu, matukio makubwa ya moyo na mishipa yakapungua kwa 37%, utafiti ukasimamishwa mapema kwa sababu faida ilishaonekana. Mwongozo mwingi unataka mwenye kisukari kuanzia miaka 40 afikiriwe statini hata kama lehemu yake haitishi. Nenda kliniki uhesabu wangapi wanayo.

#40 Mpinga_Vidonge
Statini inakula misuli na ubongo. Na yenyewe inaleta sukari, mmesahau kusema.

#41 Lushoto_Baridi
Leo Mpinga ana nusu ya hoja. Statini inapandisha sukari kidogo, ni kweli, hata waliozitengeneza wanaandika. Misuli inauma kwa baadhi. Ila kwa mtu ambaye kisukari anacho tayari, faida ya moyo inaizidi mbali hiyo kidogo. Ya ubongo lete ushahidi.

#42 Mpinga_Vidonge
Ushahidi wangu ni macho yangu.

#43 Siko_Seli_Mzazi
Samahani naingilia. Kipimo cha miezi mitatu mnachokisifu kinategemea umri wa chembe nyekundu za damu. Mtoto wangu ana selimundu (siko seli), tuliambiwa kwake kinasoma chini kuliko ukweli kwa sababu chembe zake hazidumu. Pwani hii yenye selimundu na upungufu wa damu, mtu asije akasomewa 6 akatulia. Hata hao wenye kuibeba tu bila kuugua, inategemea mashine ya maabara.

#44 Daktari_wa_Zamu
Nakushukuru kwa hilo, nililiacha. Ni kweli tupu, na ndiyo maana namba za kidoleni baada ya kula bado zina kazi.

#45 Bibi_Kibibi
Nimemaliza kusoma, nimerudi na swali la Ramadhani. Natumia glibenklamidi. Mwaka jana karibu na magharibi nilikuwa naona giza na moyo unadunda mpaka shingoni. Futari nafungulia tende, kaimati, uji wa sukari, mihogo ya nazi, tambi. Hiyo ni moyo au sukari?

#46 Muuguzi_Mstaafu
Dada yangu, hiyo dawa inasukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala. Alasiri sukari inashuka, mwili unastuka, moyo unakimbia. Na kushuka sana kunaweza kuuvuruga mdundo wa moyo wenyewe, hasa moyo uliochoka. Halafu ikifika magharibi unairusha juu na kaimati. Mwezi mzima ni kupanda na kushuka. Wiki kadhaa kabla ya mfungo nenda kliniki, dawa ibadilishwe au dozi kubwa ihamie futari. Ikishuka chini ya 4 fungua, dini imekuruhusu, usibishane na mashine. Tende moja au mbili si vita. Kaimati zile zinazoogelea kwenye shira ndizo nakuomba uziage.

#47 Nazi_Mbili
Na mihogo ya nazi?

#48 Muuguzi_Mstaafu
Vipande viwili, na tui la pili. Usinichokoze.

#49 Mzee_wa_Kashata
Baraza lina nadharia yake. Huyu bwana alifiwa na kaka yake mwaka jana, tunamjua, na tangu hapo usingizi hana. Mawazo yanapandisha sukari na presha. Hamjaligusa hilo hata mmoja, mmeshikilia makaratasi ya Wazungu.

#50 Chumbageni_Kwetu
Ni kweli mzee, aliyefariki ni kaka yake mkubwa. Na huyo marehemu naye alikuwa na kisukari, akafa ghafla usingizini. Hapo ndipo jirani alipopata hoja ya kutupiwa kitu.

#51 Lushoto_Baridi
Kaka kafa ghafla, mdogo kapigwa na moyo. Hapo mie nasoma kurithi, sisomi jirani. Ndugu wengine wa tumbo lile wapime leo. Na mkojo wa mzee upimwe protini: figo ikivujisha protini kwa mwenye kisukari ni dalili kwamba mishipa midogo mwili mzima inavuja, na hatari ya moyo iko juu. Watafiti wa Denmaki waliliandika hilo tangu miaka ya 1980.

#52 Mdigo_Halisi
Na weye mtoa mada je? Damu ni hiyo hiyo.

#53 Chumbageni_Kwetu
Nimepima leo mchana. Sukari 5.4, lakini presha 148 kwa 94. Nina miaka 34. Aliyenipima kasema nirudie siku nyingine nikiwa nimetulia. Mzee kafika Dar salama, yuko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, wanataka kuingiza waya kuangalia mishipa. Karatasi ya dawa imejaa: ya kuzuia damu kuganda mbili, statini, ya presha, ya kutuliza mapigo, na ya sukari wamebadilisha, wamempa inayotoa sukari kwa mkojo. Mama mdogo anauliza zipi tupunguze akirudi.

#54 Daktari_wa_Zamu
Asipunguze hata moja bila waliomwandikia, hasa hizo mbili za kuganda, na zaidi akiwekewa kile kiwaya cha kuutanua mshipa. Ukiziacha kinaweza kujiziba chenyewe. Hiyo ya mkojo ni kundi jipya kidogo. Mwaka 2015 ilitoka tafiti ya empagliflozini, mojawapo ya kundi hilo, wagonjwa wa kisukari wenye maradhi ya moyo, vifo vya moyo vikapungua kwa 38%. Cha ajabu ni kwamba sukari haikushuka kwa tofauti kubwa. Kinachousaidia moyo hasa ni nini, kila bingwa ana hadithi yake: wengine wanasema maji na chumvi, wengine figo, wengine chakula cha moyo wenyewe. Anywe maji, na usafi wa sehemu za siri, fangasi hupenda.

#55 Lushoto_Baridi
Mnaona? Dawa ya sukari inaokoa moyo bila kushusha sana sukari. Hoja yangu ya #24 imerudi na shati jipya.

#56 Muuguzi_Mstaafu
Na miaka ya kimya ya #23 haijaondoka popote. Chumbageni mwanangu, hiyo 148 kaipime tena asubuhi, kaa chini dakika tano, miguu usikunje, kahawa usinywe kabla.

#57 Mzee_wa_Kashata
Kahawa tena imekosa nini?

#58 Fundi_Baiskeli_Duga
Wakuu, mashine ya presha ya mkononi naona inauzwa barabara ya sokoni, ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono na ya kuvaa juu ya kiwiko. Ipi inasema kweli? Nataka niweke kibandani, wateja wapime wakisubiri pancha.

#59 Muuguzi_Mstaafu
Ya juu ya kiwiko, na ukanda uwe wa saizi ya mkono. Ukanda mdogo kwenye mkono mnene unasoma juu. Ukinunua niambie, nitapita kukuonyesha namna ya kuufunga.

#60 Mkwakwani_Damu
Mie nitakuwa wa kwanza. Baiskeli nitaitoboa mwenyewe.